Mwanaume Aliyelilia Mkwaruzo

Siku mwanangu wa kwanza alipopashwa tohara kule Malakisi, mimi nilikuwa ndani ya nyumba, kama mama yeyote wa Kibukusu. Kisu sikukiona. Lakini nilisikia firimbi ikilia na watu wakishangilia, nikajua hakupepesa jicho. Nikatoka nikicheza mpaka leso ikaanguka.

Ndiyo maana miaka mingi baadaye, alipolilia mkwaruzo, mimi sikucheka.

Tulikuwa tunavuna mahindi kule Kwanza, karibu na Kitale, shamba la kukodi. Kisiki cha bua kikamchuna chini ya goti. Kidonda chenyewe hata kuku angekidharau. Kesho yake yuko chini, anauma blanketi, mwili unawaka kama jiko. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa amekuja kutusaidia kuvuna. Akashika kiuno.

"Mwanaume mzima, ati mkwaruzo! Wewe ulitahiriwa na kisu ama na unyoya?"

Wavunaji wakacheka mpaka wakaketi.

"Shemeji, wacha nimfunge jani la tumbaku. Kesho ataruka huyu."

"Jani lako kavute," nikamwambia. "Huyu kisu hakukililia. Kama leo analia, basi kinachomuuma si hiki tunachoona."

Nikashika mguu. Nikigusa mbali na kidonda, hata karibu na paja, anapiga nduru. Ngozi imevimba, inang'aa, na pembeni imeanza rangi ya zambarau. Nikachora mstari wa masizi pale uvimbe ulipoishia. Tukiwa bado tunatafuta gari, uvimbe ukaruka mstari.

Mwenye pikapu nikamwambia ashushe magunia apakie mtu. Moja kwa moja hospitali, Kitale.

Daktari hakucheka hata kidogo. "Mama, vizuri hukungoja. Huu ugonjwa unaozesha nyama chini kwa chini, na juu unaonyesha kidogo tu. Dawa peke yake haitoshi. Lazima tukate yote iliyokufa, saa hii."

Mwanangu akanitazama. "Mama, wataniachia mguu?"

"Sijui. Wewe simama tu. Kisu si mnajuana?"

Akacheka. Na uchungu wote ule, akacheka.

Walimkata, wakamrudisha wakamkata tena, kisha wakatoa ngozi ya paja kuziba lile shimo. Mguu ukabaki. Umechimbika kama njia za Kibomet wakati wa mvua, lakini ni mguu, na uko chini yake.

Halafu ikaja Agosti ya mjukuu wangu kutahiriwa. Kijana anapiga njuga, baba yake anaongoza ngoma, anachechemea na vumbi linapanda. Alipofika mbele ya shemeji yangu, akakunja suruali, akatua ule mguu juu ya kiti.

"Baba mdogo, hebu tazama kazi ya unyoya."

Shemeji akavua kofia. Akagusa kovu kwa kidole kimoja, polepole, kama linaweza kumuuma.

"Bana," akasema, "huyo ndege alikuwa mkubwa."

Nikapiga kigelegele mpaka leso ikaanguka. Nikaiacha hapo hapo, nikaikanyaga nikicheza.