Niliwahamisha wageni wetu wahunzi siku wakwe walipokuja kuona nyumba

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni mzee wa Karatu, form four ya zamani, kwa hiyo mnivumilie nikienda polepole. Ninayosimulia yamenitokea mwenyewe, na aliyekosea ndani yake ni mimi.

Kaka yangu aliniambia niwatoe wageni wangu nyumbani kwa siku moja, wakalale kwenye kibanda cha shambani.

Nilipaswa kukataa. Nikakubali.

Ngoja nianze na wageni wenyewe.

Huku juu kwetu, Juni mpaka Agosti ni baridi ya kweli. Ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro, asubuhi hata ng'ombe hataki kutoka zizini. Lakini hiyo ndiyo high season, magari ya watalii yanapishana barabarani.

Kwa sababu hiyo Gidamis, mhunzi wa Kidatoga kutoka upande wa Mang'ola, alipanda huku kuuza bangili za shaba. Ukame ulikuwa umemaliza mbuzi wake. Alikuja na mkewe, mtoto wa kunyonya, na mama yake mzee mwenye kifua kibovu. Kule bondeni kwao ni joto. Hawakuwa hata na sweta.

Hakuna aliyewapa chumba. Wazee wetu waliamini kwamba mhunzi ana mkosi, halali nyumba moja na watu wengine. Tumebatizwa, tunaimba kwaya, lakini hilo halijatutoka vichwani. Wakawa wanalala kwenye baraza la duka.

Jumapili moja mahubiri yalihusu kukaribisha wageni. Mimi ni mzee wa kanisa, na ndimi niliyesoma neno siku hiyo. Baada ya ibada mke wangu, Mama Paskali, akapita pale dukani akawaambia, "Nifuateni." Hakuniuliza.

Nikamwambia, "Mama, unatuletea mkosi."

"Mkosi gani unazidi mtoto kuganda wakati mimi nina kuni? Na aliyesoma neno pale mbele ni wewe au ni pacha wako?"

Wakaingia jikoni kwetu, kwenye moto.

Wakuu, niliwazoea kuliko nilivyotarajia. Gidamis alininyooshea majembe yote huku akinitania: "Mzee, hili ulinunua au ulimnyang'anya adui?" Bibi, yaani mama yake, alikuwa hajui Kiswahili, na mke wangu hajui Kidatoga, lakini walikaa motoni wakicheka. Nadhani walikuwa wananicheka mimi.

Sasa ikaja habari ya posa.

Mwanangu Paskali, ambaye ni guide, alikuwa na mchumba upande wa Mbulu. Wazazi wa binti wakatuma ujumbe kwamba wanakuja kuona nyumba. Ndipo kaka yangu Lohay akafika.

"Wakwe wakikuta mhunzi jikoni, hata chai hawatakunywa. Wapeleke shambani, kesho yake warudi. Siku moja itamuua nani?"

Mama Paskali alikataa katakata. Paskali naye akasema, "Baba, waache tu. Binti anajua habari zao."

Nikamjibu kwamba mambo ya posa ni ya wazee. Hapo nilikuwa na watu wawili wa nyumba yangu wananiambia ukweli, nikamsikiliza kaka anayelala kwake.

Kibanda chenyewe ni cha kulindia mahindi, juu kilimani, kuta za mabua. Jioni nikamwambia Gidamis kuna wageni wanakuja, nafasi haitoshi.

Akatazama jiko lote. "Mzee, anayechukua nafasi kubwa hapa ni mama yangu au ni mtoto?"

"Ni kesho tu, kijana wangu."

Akambeba mama yake mgongoni, wakapanda kilima.

Kesho yake wakwe wakafika. Kuku wakaliwa, maziwa yakanywewa, maongezi mazuri kabisa. Kisha mzee Sulle, baba wa binti, akaangaza macho.

"Na wageni wenu wa Mang'ola wako wapi? Binti ametusimulia. Mke wangu amemletea yule bibi blanketi."

Kaka Lohay akakodolea kikombe chake macho.

Nikasema, "Wametoka kidogo, wanatembea."

Paskali alikuwa mlangoni. "Wako shambani. Baba aliwapeleka jana."

Mzee Sulle hakupaza sauti. Aliweka kikombe chini. "Basi twende tukawasalimie."

Tulimkuta bibi amelala chini, pumzi zake zinapiga mluzi. Mtoto alikuwa ndani ya shuka la Gidamis, na Gidamis mwenyewe kifua wazi, anatetemeka. Mama wa binti akamfunika bibi blanketi, akaanza kulia. Paskali akaleta gari, tukamkimbiza hospitali. Nimonia.

Alipona, namshukuru Mungu kila siku kwa hilo.

Siku bibi alipotoka hospitali, Mama Paskali aliwaomba warudi kwetu. Gidamis akasema, "Mama, kwako tungerudi. Kwa mzee, hapana." Mzee Sulle akawachukua wote kwake mpaka baridi ikaisha.

Ila kuhusu posa aliniambia hivi: "Mtu anayeficha wageni wake, binti yangu akiugua atamficha wapi?" Posa ikaishia hapo.

Mkosi niliouogopa haukuja na mhunzi. Nilikuwa nao mwenyewe, unaitwa watu watasemaje. Ukishamwambia mtu karibu, usimtoe motoni kwa sababu ya mtu mwingine, hata awe mkwe, hata awe askofu. Kama huwezi, afadhali usimkaribishe, atajua kwa kujitafutia.

Karibuni mchangie. Anayetaka kunichapa anichape, nimezoea. Na kama kuna mzazi humu aliyewahi kupatanishwa na mwanawe, aniambie alianzia wapi.

Maana Paskali alihamia kambi za watalii upande wa Loliondo. Binti aliolewa kwingine. Paskali akipiga simu huongea na mama yake, nikipewa simu anakata. Nilidhani nailinda ndoa ya mwanangu. Ndoa ilikufa, na mwanangu sina.