Neno Moja kwa Kila Beseni la Nguo

Nikisikia harufu ya nguo zilizokauka kwa jua kali, zile zinazotaka kuungua, hurudi paani kwetu Al-Suwaidi, Riyadh. Jengo zima tulianika huko. Mama, Mzanzibari aliyezaliwa hukohuko ugenini, alishika kamba za upande wa tangi la maji. Upande wa pili alianika Dada Mueni, Mkenya aliyekuwa mtumishi wa madam wa ghorofa ya chini.

Mimi nilipanda kujifunza Kiingereza. Kwao Kitui, Dada Mueni alikuwa mwalimu wa nasari. Kila beseni lilikuwa na neno lake: hulitaja, hunipa maana kwa Kiswahili, kisha hutunga sentensi, nami natunga yangu. Sharti lilikuwa sentensi iwe ya kweli.

"Ukilitumia kudanganya, hilo neno litakuhepa," alisema.

Zangu zote zilihusu chakula. Aliponipa "angry", nilisema kaka yangu amekasirika, na ilikuwa kweli tupu, maana nilikuwa nimemlia kuku wake.

Zake zilihusu mama yake, aliyekuwa hoi kitandani. Dada Mueni alikuwa akingoja ruhusa ya kafili, mwajiri aliyemdhamini, aende kumwona. Kafili alisema baada ya Ramadhani, kisha baada ya Hija.

Siku moja neno lilikuwa "already". Akanieleza: jambo limekwisha tendeka, hata kama wewe hujafika. Akatunga yake huku akikung'uta shuka: "They have already buried my mother."

"Mother" nililijua, "already" ndiyo kwanza nimepewa. Lile la katikati sikulijua wala sikuliuliza, kwani yangu ilikuwa imeshafika ulimini.

"I have already eaten!" nikapiga kelele.

"Vizuri sana, Salma," akasema, akaendelea kuanika.

Baada ya hapo mama aliendelea kumuuliza hali ya mgonjwa, naye akijibu, "Ako tu sawa, Mama Salma." Mwishowe alirudishwa kwao, nasi tukahamia Jeddah.

Huko, nikiwa msichana mkubwa, mwalimu aliandika "bury" ubaoni. Kuzika. Akataka mifano. Wenzangu wakazika hazina na mifupa ya mbwa. Mimi niliikumbuka sentensi ya Dada Mueni, na shuka ile mkononi mwake.

Kwetu mtu akifiwa, hata jirani mliyenuniana huja kuhani. Dada Mueni hakuhaniwa na mtu. Labda hakumwambia mama kwa kuogopa angeangua kilio, madam akasikia. Lakini naamini msiba ulimzidi, akahitaji kuutamka mbele ya mtu, akachagua mtoto ambaye asingeuelewa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilipomweleza mama, alikuwa akichagua mchele. Aliweka ungo chini.

"Maskini mtoto wa watu," alisema. Akatandika jamvi, akakaa kitako kama aliyekwenda kuhani, nami nikakaa ubavuni pake. Tulikuwa tumechelewa miaka, na mfiwa mwenyewe hakuwapo.