Yadi Moja Mbele ya Mpira

Siku yangu ya kwanza uwanjani nilivaa shati la milia lililonizidi mikono, na mwamuzi mkuu akanipa agizo moja tu: "Dada Filo, usitazame watu. Tazama mpira." Huyo Bwana Alnoor alikuwa mfamasia wa Richmond Hill, hapa Kanada, mzaliwa wa Nairobi. Mimi ni Mgoa wa Moshi. Siku za wiki nilikuwa karani kwa daktari wa meno, Jumamosi mwamuzi wa mstari. Kiswahili tulikitumia pale tulipotaka wachezaji wasitusikie.

Udadisi ndio ulionipeleka. Nilipita karibu na uwanja wa ule mpira wa Kanada na Marekani, wa kubebwa mikononi na kukumbana, nikaona pande la mtu limeinama, mkono juu ya mpira, wenzake kimya kama wako kanisani. Nikajiuliza, kwani wanangoja nini? Mimi nikitaka kujua jambo situlii, basi nikajiandikisha kwa mafunzo ya uamuzi.

Ninyi mnaoanza leo kazi hii ya uamuzi, yule aliyeinama tulimwita mtoaji. Mpira hulala chini, naye huurudisha nyuma kati ya miguu yake kwa mwendo mmoja usiokatika. Akiutikisa ili kumhadaa mpinzani, kosa. Akiunyanyua kisha akasita, kosa. Nilipenda kumtazama vidole, maana vidole husema kabla ya mkono.

Mpinzani naye ana mpaka wake. Sheria ya Kanada humtaka akae yadi moja kutoka kwenye mpira kabla haujatolewa. Ya Marekani humruhusu kusogea mpaka ubaki urefu wa mpira wenyewe tu. Miaka mingi jicho langu lilipima yadi ile bila kuulizwa.

Kisha wakaja wageni kutoka Marekani, ng'ambo ya mpaka, tukakubaliana siku hiyo tufuate sheria zao. Msimamizi wa waamuzi alikaa jukwaani na daftari. Alikuja kuamua kama nafaa kuwa mwamuzi mkuu. Niliutaka ukuu ule, sitaficha.

Wenyeji walikuwa nyuma kwa alama chache, na hii ilikuwa nafasi yao ya mwisho. Mtoaji akatoa mpira, wakazuiwa. Lakini kitambaa changu, kile tunachorusha kuonyesha kosa, kilikuwa kimeshaanguka nyasini.

"Nini?" akauliza Bwana Alnoor.

"Wageni wamesogea mno."

Akatikisa kichwa kukubali, akatangaza adhabu. Wenyeji wakapewa nafasi mpya, jukwaa likalipuka kwa shangwe. Nikarudi mahali pangu, wachezaji wakajipanga upya. Nikaona wageni wamesimama palepale, urefu wa mpira mmoja, kama sheria yao inavyoruhusu. Nikapuliza filimbi kabla mpira haujatoka.

"Mkuu, nimepima yadi yetu. Leo si siku yake."

Akanisogelea. "Hata mimi imenipita. Lakini Dada, nimeshatangaza. Na yule mzee wa daftari anakupima wewe, si mimi."

"Najua."

"Tukinyamaza, hakuna atakayejua."

"Wageni wanajua. Futa, Mkuu."

Akafuta. Nilizomewa nisivyowahi kuzomewa, na wenyeji wakashindwa. Mtoaji wao akapita mbele yangu akilia waziwazi, bila kuniangalia. Msimamizi aliandika kwa kirefu, na ukuu akapewa mwingine. Iliniuma sana, nililia kwenye basi hadi Crescent Town, na abiria mmoja akanipa leso bila kuuliza.

Nilibaki mwamuzi wa mstari mpaka magoti yalipogoma. Sasa nimestaafu, na watu huniuliza kama nilijuta. Wanaosema mkweli hulala usingizi mnono hawajawahi kuzomewa na uwanja mzima. Ila nawaambia hivi: msimu uliofuata wageni walialikwa tena, wakakubali kwa sharti moja, kwamba mstarini asimame yule mama aliyewapa haki yao ugenini. Barua hiyo Bwana Alnoor alinisomea kwa simu, mara mbili, maana nilimwomba arudie.