Beseni la Alasiri

Katika nyumba yetu ya Temeke, mgeni hakupanda kitandani kabla ya kuogeshwa. Watu wa mtaani walituita malaya. Sie tulijiita wapangaji, na tulipenda jina letu zaidi. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, vita vikuu vimeshakwisha, na sindano ya kutibu kisonono ilikuwa imeanza kupatikana hospitali.

Mwenye nyumba alikuwa mama mnene wa Kimrima, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kugomba. Nilimwita somo, kwa kuwa ndiye aliyenifunza. Mie nilifika kwake nimeshaolewa na kuachika, najiona najua kila kitu kuhusu wanaume. Alicheka mpaka kanga ikamfunguka.

Mke wa pwani humwogesha mumewe na kumpangusa kwa kitambaa cheupe. Somo aliitwaa heshima hiyo ya ndoa akawapa wapita njia, ila aliifanya mchana na dirisha akaliacha wazi. Mgeni alijiona sultani, kumbe anakaguliwa. Kitambaa kikitoka na usaha, au mkono ukigusa kidonda, tulifundishwa kusema kwa upole, "Leo tupumzike, bwana. Nenda kachomwe sindano, ukipona karibu tena." Jua likizama, kazi imekwisha, maana koroboi, alisema, haioni kitu. Wala hakujidanganya kwamba beseni linaona yote. Mara kwa mara alitukokota sote hospitali, yeye mbele, akakaa kwenye benchi kama aliyekwenda harusini.

Alikuwa na sababu. Kisonono cha ujanani kilimharibia kizazi, na wakati ule hakuna aliyemwambia kitu. Mie nilitaka mtoto kuliko nilivyotaka kula, naye alilijua hilo.

Kisha akaja seremala wa Mtoni, mtu wa kusini, mpole, nguo zake zinanukia mninga. Alikuja kama wengine, akaoga kama wengine, halafu akaanza kuja hata siku za kuzungumza tu. Akanitengenezea kigoda. Akataja habari ya posa, nami nikaanza kumchagulia mtoto jina kimoyomoyo. Nilimpenda, sifichi.

Alasiri moja alirudi kutoka safari ya kazi huko Kilwa. Nikaweka beseni chini. Akalisukuma kwa mguu.

"Mie si mgeni tena," alisema. "Tunaoana. Wewe wanikagua kama mpita njia?"

Kwao wanaume hawakuogeshwa, na hatukuwahi kumwambia kwa nini tunamwogesha. Hapo nikajua kwamba ameshang'amua kazi ya beseni, na kwamba anayo sababu ya kuliogopa.

"Tukioana nitakuogesha kila siku," nikamwambia.

"Basi hunipendi."

"Nakupenda. Lakini bila maji hulali hapa."

Akachukua randa yake, akatoka bila kuaga, nami nikalia kwa kelele za kuaibisha. Somo akaleta bakuli la uji.

"Lia, lakini ukinywa," alisema. "Mtu mwenye afya angeoga tu."

Nikamchukia kwa siku kadhaa, uji wake nikaunywa.

Miezi ikapita. Nilipokuwa nimeshaacha kutazama mlangoni, seremala akaingia uani mchana kweupe, amekonda kidogo. Akamwamkia somo, "Shikamoo, mama," kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na aibu. Akachota maji mwenyewe, akabeba beseni hadi chumbani, akaliweka chini ya dirisha, akavua shati, akakaa kwenye kile kigoda.

"Sindano zinauma," alisema. "Tazama mwenyewe."

Nilitazama vizuri sana. Kitambaa kilitoka cheupe. Hata hivyo tulikwenda wote wawili hospitali kabla ya kufunga ndoa kwa kadhi, kwa amri ya somo.

Mwanangu alipozaliwa, somo alipasha maji tangu alfajiri. Akamlaza mtoto karibu na dirisha, akamwosha taratibu, akampangusa kwa kitambaa kipya, akamtazama vidole, masikio, na macho, ambayo alikuwa akiyahofia kuliko vyote, maana kisonono cha mama hupofusha mtoto mchanga.

"Huyu mzima," alisema, kisha akakaa chini naye akimpakata, na machozi yake yakamdondokea mtoto kifuani.

Matiti yalikuwa yakiniuma kwa maziwa. Sikumwomba anirudishie mtoto.