Mlango wa Chumba cha Pili

Kwetu mpangaji hapigwi, anang'olewa mlango. Hivyo ndivyo baba alivyonifundisha, na alilisema hilo kwa fahari ya mtu anayejiona hajawahi kumwonea yeyote chini ya bati lake. Mlango ni mali ya mwenye nyumba, kwa hiyo akiutoa hajaiba. Mpangaji akisikia baridi, shauri yake. Katika bonde letu, chini ya Isansa, mwezi wa saba upepo unashuka kutoka mlimani tangu alfajiri na ukungu unaingia hadi uvunguni. Hakuna aliyewahi kulala kwenye chumba kisicho na mlango zaidi ya siku mbili.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi yangu ilikuwa kuushika mlango usimwangukie baba wakati anafungua skrubu. Niliifanya vizuri. Nilikuwa na mabega mapana na hasira za karibu, na sitadanganya, nilipenda kuziona sura za watu tulipoondoka na mlango wao. Si wote walionyamaza. Fundi mmoja wa kujenga alimkata baba sikio kwa mwiko wake, nasi tukambana ukutani mpaka akatapika. Mwalimu mmoja alitumwagia maji ya ugali yaliyokuwa yanachemka. Baba alijifuta uso, akamalizia bawaba ya chini, akamwambia, "Mwalimu, nyumba njema si mlango." Methali hiyo aliitumia kila mara, na kila mara aliicheka peke yake.

Chanzo ni kahawa. Kipupwe ndicho kipindi cha kuchuma, na buni zikianza kukauka wanunuzi wanakuja kutoka Mlowo na Tunduma na mizani zao, wanataka vyumba vya kulala na vya kuhifadhia mzigo. Chumba ambacho mwezi wa pili unambembeleza mtu akichukue, mwezi wa saba watu wanashikiana mapanga kwa ajili yake. Jirani yetu alimhamishia mama mkwe wake jikoni ili akipangishe chumba chake. Bibi yule akasubiri mkwewe aende shambani, akavunja vyungu vyote, vioo vya madirisha, na pua ya mnunuzi aliyetoka kuchungulia. Tulicheka wiki nzima, wala hatukujiona sisi wenyewe.

Chumba cha pili katika safu yetu ya vyumba vya kupangisha alikaa fundi cherehani, mwanamke aliyetoka milima ya Ileje, asiye na ndugu huku. Ndiye aliyenishonea gauni la kipaimara. Mwaka huo alikuwa na mtoto wa miezi minne mwenye kifua kibovu, na alishalipa kodi yake hadi mwezi wa kumi. Lakini chumba chake ndicho pekee kilichokuwa na sakafu ya saruji, na mnunuzi mmoja alikitaka hichohicho, maana kahawa haipatani na unyevu. Baba alimwita uani akampa wiki moja ahame.

"Mzee, kwa heshima yako," alijibu, "mwezi wa kumi nitatoka mwenyewe, hutanisukuma. Sasa hivi huyu mtoto nitampeleka wapi na baridi hii? Nikimlaza kwenye upepo ananifia."

"Wiki moja, mama."

"Mzee, sitoki."

Wiki ilipoisha tulikwenda asubuhi, jua limeshapanda kidogo. Alikuwa ndani anapiga pasi sare za shule. Baba alifungua bawaba ya juu bila hata hodi. Mwanamke akatoka na pasi mkononi, pasi ya mkaa, imejaa makaa mekundu. Alisema, "Mzee, acha." Akarudia kwa sauti ya chini zaidi. Baba akahamia bawaba ya chini.

Alimpiga nayo shingoni. Kifuniko kikafunguka, makaa yakamwingia baba ndani ya koti, akaangukia mlango na kwenda nao chini, anajipigapiga kifua, na nikasikia harufu ya ngozi. Kando ya ukuta kulikuwa na nondo tuliyokuwa tukikomea banda la nguruwe. Niliiokota. Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Mkono ukaning'inia. Nilikuwa nimeshauona umening'inia, na bado nikapiga la tatu palepale. Tangu siku ile watu wamenipa sababu nyingi: baba yako alikuwa anaungua, ulikuwa binti mdogo, hasira hasara. Kwa mapigo mawili nawakubalia. La tatu lilikuwa langu, na lilinipa raha.

Mtoto alikuwa analia ndani, kwenye rundo la vitambaa. Mama yake hakulia. Alipiga yowe.

Yowe kwetu linaitikiwa na chochote ulicho nacho mkononi. Watu walipanda kutoka kwenye mibuni na mapanga, majembe na ndoo za kahawa. Nilidhani wanakuja kutusaidia. Sisi ndio wenyeji, na mgeni ndiye aliyemchoma mzee. Wa kwanza kufika alikuwa shangazi yangu, dada wa baba. Alimtazama yule mama, akaitazama nondo, akaninyang'anya, akanichapa nayo mgongoni mara mbili. Wanaume walimvamia baba kwa mateke wakati koti lake bado linatoa moshi. Mmoja aliita kiberiti. Wengi wao tulishawahi kuwang'olea milango. Mwalimu nilimwona, anapiga teke, miwani ameivua na kuiweka mfukoni.

Aliyewazuia wasiue ni mjumbe wetu wa nyumba kumi. Alisimama juu ya baba, mguu huku na mguu huku, akasema, "Inatosha. Huyu mama hana mlango. Mlango ule pale." Akanyoosha kidole kwenye nyumba yetu.

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa umeshapasuka chini ya miguu ya watu. Wetu ulikuwa wa mninga, na ndio uliokuwa kiburi cha baba. Hawakutafuta bisibisi. Waliung'oa kwa shoka na mtaimbo, fremu ikatoka pamoja na matofali, wakaubeba na kupita nao juu ya baba aliyelala uani. Ulikuwa mpana kuliko nafasi ya chumba kile, kwa hiyo waliukata ukuta kwa majembe mpaka ukaingia. Shangazi alimfunga mtoto mgongoni, akampandisha mama yake kwenye bodaboda kwenda zahanati. Mnunuzi alipakia mizani zake akarudi Mlowo bila kuaga. Polisi hakuitwa, maana hakuna aliyetaka kuulizwa yeye alifanya nini.

Kipupwe chote kilichobaki tulilala bila mlango. Tulitundika turubai, upepo ukalichana. Kila seremala bondeni ghafla alikuwa na kazi nyingi. Kidonda cha baba shingoni kilitoa usaha, akawa anakohoa usiku na mchana, na methali yake sikuisikia tena.

Mimi nilikuwa nasikiliza kitu kimoja tu. Cherehani ya chumba cha pili, ambayo zamani ilinikera kila asubuhi, ilikuwa kimya. Fundi alirudi na mkono kwenye plasta, na ilipotolewa, kiwiko kilikataa kunyooka, na vidole viwili havikuweza kushika sindano. Nikaanza kujiuliza atamlisha nini mtoto, fundi asiye na mkono. Kila nilipotoka kuchota maji nilipita taratibu mbele ya mlango ule wa mninga. Mwezi wa nane ulipita kimya. Mwezi wa tisa nikaisikia, inakwenda kidogo inasimama, inakwenda kidogo inasimama. Alikuwa anajifunza kusukuma kitambaa kwa mkono wa kushoto. Niliketi chini kando ya ndoo nikalia. Lakini sikubisha hodi nimwombe msamaha. Niliogopa, na kiburi nacho kilikuwa hakijaniisha.

Mwezi wa kumi ulipoisha, siku ileile, alisimama mbele ya nyumba yetu akapiga hodi, ingawa hapakuwa na mlango na aliniona kabisa nimeketi napeta maharage. Mtoto alikuwa mgongoni, amenenepa, amelala.

"Karibu," nilisema.

"Sikai, mdogo wangu. Mwezi wangu umeisha. Chumba nimekifagia, na mlango wenu mtaukuta mzima."

Mkono wa kulia ulikuwa umekunjika kifuani. Aliujaribu, haukwenda mbele, akanyoosha ule mwingine wenye ufunguo. Kwetu mtoto akikupa kitu kwa kushoto unamchapa. Nimechapwa kwa hilo, na nimechapa.

"Samahani," aliniambia mimi, "nakupa kwa kushoto."

Nilipiga magoti palepale kwenye maharage, nikapokea kwa mikono miwili.