Shimo la Mama Bonfils

Vita vilipowafukuza wageni, hoteli aliyokuwa akipika Léoncie ilifunga jiko, naye akarudi nyumbani kwake katika mtaa wa Mutanga Nord na mwiko mmoja na hasira tele. Mwanamke yule kukaa bure hawezi. Mume alikwisha kufa, mwanawe Bonfils yuko Gitega na barabara ya huko haipitiki. Basi akae amtazame nani? Haukupita muda akaanza kuwazungukia wapishi wenzake: mikahawa ya mjini kati, jiko la hospitali, internati, shule ya bweni ya masista. Hakuomba chakula. Aliomba maganda.

Maganda ya viazi, kabichi zilizooza, wali ulioungua, maharage yaliyochacha, yote aliyabeba kwa ndoo za vifuniko, akikazana kufika nyumbani kabla ya amri ya kutotoka nje. Ilikuwa miaka ile ya embago, majirani wametufungia mipaka, mbolea ya dukani haionekani hata kwa dawa, na mboga za milimani zinafika sokoni kwa bahati tu. Sista mkubwa wa internati alikuwa amemwahidi: akileta mbolea nzuri kabla ya mvua za Septemba, kiwanja kilicho nyuma ya bweni atalima yeye. Kiwanja kizima! Tangu siku hiyo Léoncie hakuwaza kingine.

Sasa angalia alivyojitia matatani. Alichimba shimo nyuma ya nyumba, akapanga takataka zake tabaka kwa tabaka, akafunika kwa majani ya migomba, akatia udongo juu. Asubuhi mvuke ukawa unafuka. Jamani, Mrundi gani asiyelijua shimo la namna hiyo? Si ndivyo tunavyoivisha ndizi za pombe? Mtaa mzima ukakata shauri: Mama Bonfils anatengeneza urwarwa, tena kimya kimya, bila kumwalika mtu. Kwetu watakusamehe ugomvi, watakusamehe hata mbwa wako mwizi, lakini kutengeneza pombe ya ndizi ukanywa peke yako, hilo husamehewi.

Harufu ilipoanza kupanda, hakuna aliyelalamika. Orlane, jirani wa ukuta kwa ukuta, alisema inachachuka vizuri, huku kaziba pua. Kwamba ndizi huiva kwa siku chache, na shimo lile lilikuwa limefunikwa wiki nenda wiki rudi, hilo walilijibu wenyewe: basi ni ya nguvu.

Mwishowe akaja mzee Népomuscène, mkubwa wa nyumba kumi, karani mstaafu mwenye koti moja na maringo ya makoti saba.

"Mama Bonfils, ile kitu iko mu shimo, utatufungulia siku gani?"

"Jumamosi, muzee. Lakini ni takataka tu, maganda ya internati."

"Ego, ego, ndiyo. Takataka." Akamkonyeza.

"Muzee, mi nakwambia ukweli!"

"Na mi nakuitikia. Lakini sikia, mama. Watu wamevumilia harufu kwa sababu wanajua kitu wanangojea. Kama ingekuwa takataka kweli, ningelifukia leo hii." Akacheka mpaka koti likatikisika, akajiendea zake.

Léoncie hakucheka. Likifukiwa shimo, kiwanja ndiyo basi, na mvua zilikuwa zimekaribia.

Jumamosi walikuja wote. Wanawake walileta mabeseni na mafungu ya nyasi za kukamulia ndizi. Wanaume walikuja na mirija mifukoni, ingawa hata mtoto anajua maji ya ndizi hayageuki pombe siku hiyo hiyo. Mzee Népomuscène akapewa kiti. Léoncie akaondoa udongo, akafunua majani, akashika jembe. Ukatoka udongo mweusi, mwororo, unaomeguka wenyewe.

Orlane akainama, akaunusa, akainuka na macho mekundu.

"Yampaye inka! Tumenusa uchafu wiki zote hizi, kumbe ni udongo?"

"Si nilisema?"

"Ulisema, lakini ulisema kama mutu anaficha!"

Mzee Népomuscène akasimama. "Usafi wa mutaa ni usafi wa mutaa," akasema. "Lifukiwe. Sasa hivi."

Hapo Léoncie akapandwa na mori. "Fukieni! Lakini jasho yangu natoa kwanza!" Akaanza kuchimba huku analia na kutukana, udongo unaruka huku na huku, watu wanarudi nyuma. Pembeni, upande wa ukuta, jembe likazama kwenye kitu laini. Akakivuta. Ukatoka mkungu wa ndizi, au tuseme kilichokuwa mkungu: bua jeusi linalodondoka uji.

"Ndizi zangu!" akapiga kelele mzee Népomuscène.

Vichwa vyote vikamgeukia. Mzee akaketi polepole.

"Nilizitia juzijuzi, mama akiwa mjini," akasema kwa sauti ndogo. "Nilizani shimo liko moto, acha ziive pamoja na zake."

Mtaa ukaangua kicheko. Orlane alicheka mpaka akakalia beseni lake. Mzee peke yake hakucheka.

"Ule mugomba chipukizi yake nilitoa kwetu Kayanza, mbele njia ifungwe," akasema. "Ndiyo mara ya kwanza kuzaa. Shamba yenyewe sijui kama ingali iko."

Kicheko kikakatika. Hakuwako mtu pale asiyekuwa na shamba mahali fulani, au kaburi, au nyumba, asilojua lina hali gani.

Hasira zikamwisha Léoncie. Alichota udongo mkono mzima, akaupakua katika kiganja cha mzee kama anayempakulia mgeni chakula.

"Shika, muzee. Zako zitakuwa hivi."

Mzee akaunusa. Akaunusa tena, muda mrefu, mpaka watu wakaona haya kumtazama.

"Inanuka kama kwetu," akasema.

Halafu akajikohoza, akavuta koti, akawa mkubwa wa nyumba kumi tena. Akaamuru shimo lisiguswe na mtu. Akavuka njia amefumbata udongo wake kwa mikono miwili, asidondoshe hata chembe, akaenda kuumwaga chini ya chipukizi jipya la mgomba wake, na Orlane nyuma yake akiuliza kama na yeye anaweza kupata kidogo kwa ajili ya mboga zake za lengalenga.