Ndoo Juu ya Ukuta

Mke wangu alikubali kunifuata Malindi kwa sharti. Tulikuwa bado kwetu Unguja, Ramadhani imekwisha juzijuzi, nami nimeitwa kuja kusomesha tajwidi katika madrasa moja ya mtaa wa Barani. Akasema, "Nitakaa hadi Idd kubwa. Ikiwa mpaka siku hiyo hakuna mwanamke hata mmoja aliyeniita nyumbani kwake, mie narudi, na weye utabaki na madrasa yako."

Nikacheka. "Watu wa pwani ni wamoja. Utachoka kuitwa."

"Haya. Tutaona."

Ugeni wangu mimi ulikuwa mwepesi, namshukuru Mungu. Wanafunzi walinicheka kwa kusema "skuli" badala ya "shule", na siku ya kwanza madrasani nilipoulizwa kama natumia turungi, nilijibu kwa ukali kidogo kuwa mambo hayo sijayagusa tangu nizaliwe. Kumbe ni chai isiyo na maziwa. Niliinywa, ikanipendeza, na hadi leo naitiwa turungi kabla sijaketi.

Mke wangu hakuwa na madrasa ya kumchekesha. Alikuwa na nyumba, ua, na ukuta wa mawe uliofika kiunoni. Upande wa pili wa ukuta walikaa mzee na mkewe, watu wa umri wetu, waliozaliwa mji wa kale wakahamia Barani watoto walipokua. Kiswahili chao kilikuwa kile cha zamani, kitamu masikioni: njia wao wakiita ndia, na njaa wakiita ndaa. Mume nilikuwa nikikutana naye msikitini. Mkewe magoti yalimsumbua, akawa hatoki sana. Alikaa upenuni mwa jiko lake, nasi tulimsikia zaidi kuliko tulivyomwona.

Wiki ile ile tuliyofika, baada ya alasiri, sauti yake ilivuka ukuta. "Mwenzangu! Ndoo! Ndoo basi!"

Maji ya mfereji mtaani petu huja kwa zamu, na wakati wa zamu kila mtu huhangaikia vyombo. Mke wangu akachukua ndoo yetu ya buluu, akaisuuza, akaiweka juu ya ukuta, kisha akaingia ndani, kwa kuwa hakuwa amejitanda vizuri. Magharibi aliikuta palepale juu ya ukuta, ndani yake mna ndimu.

"Wameirudisha," akaniambia. "Na wametia ndimu."

"Watu wema."

"Lakini ndoo ni kavu. Hawakuchota kitu."

Baada ya siku kadhaa sauti ikaja tena, na ndoo ikaenda tena. Safari hiyo ilirudi na mahamri yaliyofunikwa kitambaa. Kisha korosho. Kisha ndimu tena, nyingi mno, hata tukatia achari mitungi miwili. Mimi nilikuwa nikihimidi na kula. Lakini siku moja mke wangu akasema neno lililonikaa moyoni.

"Jirani halipi ndoo. Kwetu mtu angeichukua akakaa nayo mwezi mzima, nikaenda kuidai, tukagombana, tukanywa kahawa. Huyu ananilipa ili asinijue."

Nilizidisha kuomba baada ya sala. Nilimwomba Mungu amfungulie mke wangu mlango mmoja tu katika mji huu.

Mwezi wa mfungo tatu, wenye Idd kubwa, ulipokaribia, mzazi wa mwanafunzi wangu alitupeleka matembezi Kuruwitu, ambako wanakijiji wametenga sehemu ya bahari isivuliwe, samaki wakarudi na matumbawe yakapona. Maji yalikuwa yamekupwa. Mke wangu alikunja buibui akasimama majini hadi vifundoni, na visamaki vyenye milia vikaja kumzunguka miguu bila hofu. Alivitazama kwa muda mrefu, nikaona anatabasamu, nikafurahi.

"Hawa," akasema, "wamepata majirani kuliko mimi."

Kisha, bila kugeuka: "Idd naenda nyumbani, mume wangu. Na sitarudi. Usikasirike, sharti ulilikubali mwenyewe."

Sikukasirika. Tulirudi Malindi, na kesho yake akatoa begi chini ya kitanda akalipangusa vumbi.

Siku chache kabla ya Idd, tulipotoka kusali adhuhuri, jirani yangu alinishika mkono tukakaa barazani pa msikiti. Alikuwa mtu mwenye haya, na aliizunguka habari yake kama mtu atafutaye mahali pa kuketi.

"Maalim, nna neno, na usinikasirikie."

"Sema, ndugu yangu."

"Huko kwenu Unguja, mtu akiitwa nyumba ya jirani, hutanguliza chombo?"

"Chombo gani?"

"Ndoo. Mamake watoto alasiri amwita mwenzako aje wanywe kahawa. Ndia yenyewe si ndia, ni ukuta tu. Mwenzako haji. Huweka ndoo, akenda zake ndani. Na chombo cha mtu huwezi kumrudishia kitupu, wajua mwenyewe. Tumetia ndimu, tumetia mahamri, tumetia korosho. Sisemi twachoka kutoa, hasha. Lakini mndimu wetu sasa umesalia miiba."

Nikamsogelea. "Na humwitaje?"

"Aa, humwitaje tena! Humwita kama watu waitwavyo." Akanyanyua sauti, akamwigiza mkewe sawasawa: "Ndoo! Ndoo basi!"

Kwenye mfereji wa udhu palikuwa na mtu wa Kaloleni aliyeleta nazi mjini, ananawa miguu. Aligeuka, akainyanyua ndoo ya msikiti kwa mkono mmoja. "Hii hapa, mzee. Lakini maji nimeyamaliza."

Tukamtazama. Tukatazamana. Ndia, njia. Ndaa, njaa.

"Amwambia *njoo*," nikasema.

Jirani yangu alifumba macho, akajishika mbavu, kanzu yote ikawa inatikisika. Mtu wa Kaloleni alisimama na ndoo yake akiuliza kama amekosea nini, na tulipomweleza alicheka kutushinda sote, hata imamu akachungulia dirishani.

Nilifika nyumbani nikamkuta mke wangu anakunja kanga zake kuzitia begini. Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kanga mkononi.

"Tangu wiki ile ya kwanza?"

"Tangu wiki ile ya kwanza."

"Na zile ndimu?"

"Hawakutaka kukurudishia ndoo tupu."

"Ya Rabi!" Akaketi juu ya begi. "Mtu aniita siku zote hizo, nami nampa ndoo! Atakuwa kanionaje? Mwanamke gani huyu, haji ila atuma chombo kijazwe!" Akacheka hadi machozi yakamtoka, na mengine, nadhani, hayakuwa ya kicheko.

Kesho yake alipika mkate wa kumimina, na baada ya alasiri akauweka kwenye sinia, akajitanda, akasimama kando ya ukuta kungoja kuitwa. Sauti haikuja. Nikaelewa mara moja kuwa mzee amemhadithia mkewe, naye yumo ndani amejaa aibu. Mke wangu alingoja. Mimi nilikuwa dirishani na tasbihi, najifanya sioni. Nikaogopa kwamba sasa, baada ya kujua, wote wawili wataona haya mno, na begi litafungwa vilevile.

Mwishowe mke wangu akavuta pumzi, akapaza sauti: "Mwenzangu! Ndoo!"

Kutoka jikoni kwa jirani: "Wataka ndoo, au wanitaka mimi?"

"Zote mbili!"

Nilisikia mkongojo ukigonga sakafu, nikasikia vicheko viwili vikikutana ukutani. Mke wangu hakungoja yule mama afike. Alizunguka kwa lango, mkate mkononi, na nikamsikia akipokewa: "Ah, mkate wa sinia!"

"Huu ni mkate wa kumimina."

"Huu? Huu ni wa sinia, hata kipofu akiugusa ajua."

Walibishana jina la mkate ule hadi adhana ya magharibi. Mimi nilijipikia turungi, nikainywa peke yangu, nikamshukuru Mungu. Mlango niliouomba ulikuwa ukituita siku zote hizo, nami nakula ndimu zake.

Idd tulikwenda Unguja, wote wawili, na begi lilikuwa dogo kuliko lile aliloanza kulifunga, kwani tulikuwa tukienda kutembea tu. Tulifika jioni, tumechoka, tukapokewa na shemeji zangu. Mke wangu akatangulia ndani, akaanza kutoa zawadi za Malindi. Akataka dada yake mkubwa, aliyekuwa uani, aje aone korosho alizopewa na jirani yake.

"Dada!" akaita. "Ndoo! Ndoo basi!"

Dada yake akaja mbio na ndoo.